Bambo, Sumukuvu na Maabara ya Ubia

Kiswahili kina neno bambo. Ni chuma chembamba chenye ncha kali na mfereji katikati, ambacho mnunuzi wa nafaka hukichoma ubavuni mwa gunia ili achopoe punje za ndani bila kulifungua. Punje huteremka mferejini mpaka kiganjani. Mnunuzi huzitazama, huzinusa, kisha huitia moja kinywani na kuiuma kwa gego: ikilia, imekauka, ikibonyea, bado ina maji. Bambo likichomolewa, nyuzi za gunia hujirudi na tundu likajifumba. Ni neno la bandarini na ghalani, la watu walionunua mtama na mpunga kwa shehena, wakajua kwamba punje za mdomoni mwa gunia hazisemi kweli yote kuhusu zile za chini.

Nalipenda neno hili kwa sababu limebeba elimu nzima. Anayechoma bambo amekubali mambo mawili: kwamba hawezi kukagua kila punje, na kwamba akikagua za juu peke yake atajidanganya. Mtaalamu wa maabara hulifanya tendo hilohilo na kuliita kuchukua sampuli, na zipo kanuni ndefu za kumwelekeza achome mara ngapi, pande zipi, kwa kina gani. Kwa mahindi ya Kitui na Makueni, huko Ukambani, kanuni hizo ni suala la uhai. Mahindi hayo huweza kuingiwa na sumu ya kuvu, na sumu hiyo haienei sawasawa ndani ya gunia. Hujilimbikiza kwenye punje chache, na punje za jirani zikawa safi kabisa. Ukichota mahali pasipo nayo, gunia litapita na kuliwa.

Mwezi Aprili 2004 Wizara ya Afya ya Kenya ilipata taarifa kwamba katika wilaya za Makueni na Kitui watu walikuwa wakiugua, macho yakigeuka manjano, na wengi wakifa. Kufikia tarehe 20 Julai wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamefariki. Makueni peke yake ilikuwa na wagonjwa 148, Kitui 101. Mahindi ndiyo yaliyokuwa na kesi ya kujibu. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizopata wagonjwa na nyumba za jirani ambazo hazikupata, waliona kwamba wagonjwa ndio waliozidi kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Wakaenda pia masokoni, masoko 65, wakanunua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Asilimia 55 zilizidi kiwango kilichoruhusiwa na serikali wakati ule. Asilimia 7 zilikizidi zaidi ya mara hamsini.

Halikuwa jambo jipya Ukambani. Kati ya Machi na Juni 1981, wakati Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 wenye dalili hizohizo walilazwa katika hospitali tatu, na 12 wakafa. Baada ya 2004 ugonjwa ulirudi 2005, ukarudi tena 2006.

Mimi ni mtu wa maneno, na tangu nianze kusoma habari za msiba huu nimekuwa nikiuliza: waliougua waliuita nini? Madaktari waliandika umanjano wa ghafla usiojulikana sababu. Hilo ni jina la kuhesabia wagonjwa, nalo lilikuwa jina sahihi kwa siku za kwanza. Lakini kijijini umanjano haujulikani hivyo. Husemwa homa ya manjano, na homa ya manjano kwa Kiswahili cha kila siku imebebeshwa mizigo mitatu. Ni ule ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu. Ni uvimbe wa ini, wa aina yoyote. Ni kila hali ya macho na ngozi kubadilika rangi. Mama anayeambiwa mwanawe ana homa ya manjano atatazama dimbwi la maji, atatazama choo, ataulizia chanjo. Hakuna hata silabi moja katika jina hilo inayomwelekeza kwenye chungu kilichoko motoni.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya istilahi. Jina la hatari linapaswa kuonyesha hatari iko wapi.

Wataalamu wana jina lao, aflatoksini, na historia yake inafaa kujulikana. Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa ugonjwa ambao, kwa kukosa jina, ulipewa herufi X. Ikabainika kwamba walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil, na kwamba karanga zile zilikuwa zimeota kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Jina la sumu likaundwa kwa kuokota vipande: a ya neno la kwanza, fla ya neno la pili, kisha neno la sumu. Jina Aspergillus lenyewe lilitolewa mwaka 1729 na padri wa Kiitaliano, Pier Antonio Micheli, aliyetazama kuvu kwa hadubini akaona kichwa chake kinafanana na kinyunyizio cha maji ya baraka. Flavus ni Kilatini, na maana yake ni manjano. Manjano hayo ni rangi ya kuvu mwenyewe, hayahusiani na macho ya mgonjwa, lakini kila nikiandika neno hili kwa habari za Makueni naiona rangi hiyo mara mbili.

Hata herufi zinazofuata jina zina asili ya rangi. Aflatoksini B na aflatoksini G zimeitwa hivyo kwa sababu chini ya mwanga wa urujuanimno moja hung'aa buluu na nyingine kijani, nazo B na G ni herufi za mwanzo za rangi hizo kwa Kiingereza. Ile iitwayo M ilipatikana kwenye maziwa ya ng'ombe aliyelishwa chakula chenye sumu. Kwa mwanakemia jina hili limejaa maana. Kwa muuzaji wa mahindi wa mji wa Wote halina hata tone, na ushahidi uko katika matumizi: Wakenya wengi hatusemi aflatoksini tu, husema sumu ya aflatoksini. Neno la sumu limo ndani tayari. Tunaliongeza kwa sababu masikio yetu hayakulisikia.

Na maneno yetu wenyewe? Tunayo matatu, na kila moja lina shida yake. Ukungu ni lile vumbi jeupe au la kijani linaloota juu ya chakula. Pia ni lile wingu linalokaa asubuhi juu ya vilima vya Mbooni na Kilungu. Koga ni utando, wa majini na wa ukutani na wa kwenye meno. Kuvu ni kiumbe chenyewe, kile ambacho vitabu vya biolojia vya shuleni hukiita pia fangasi. Sokoni neno linalotawala ni ukungu, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ukungu wa mlimani jua likipanda huondoka. Ukungu wa mahindi nao hufutwa kwa gunia kavu, huoshwa, huanikwa, na mahindi yakarudi kung'aa. Lakini sumu haiondoki na ukungu. Kuvu anaweza kuwa amekufa na kupukutika zamani, sumu aliyoiacha ikabaki ndani ya punje. Moto wa jikoni hauiui. Isyo, ile ya mahindi na maharagwe, ikitokota tangu asubuhi hadi jioni, sumu iliyoingia nayo chunguni itatoka nayo. Muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, una nafuu kidogo, kwa sababu kukoboa hutoa ganda na sehemu ya nje ambako sumu nyingi hukaa. Watafiti wa Kenya waliochapisha vipimo vyao mwaka 2008 walikuta kwamba kukoboa kuliondoa karibu nusu yake kwa wastani. Nusu ya kitu kidogo ni faida. Nusu ya kilichokuwa kwenye mahindi ya 2004 ingali inaua.

Sikiliza basi mazungumzo ambayo utayasikia katika soko lolote kati ya Kitui na Kibwezi.

"Mama, haya mahindi ni mazuri?"

"Ni mazuri, mwanangu. Tazama, hayana hata ukungu."

Mama huyu hadanganyi. Mahindi hayana ukungu. Neno alilo nalo linajibu swali la macho, na swali lenyewe halikuwa la macho.

Watanzania wametangulia hapa, na nasema hivyo kwa shukrani. Wao wana neno sumukuvu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipopata msiba kama wetu, wagonjwa 68 na vifo 20, neno hilo lilikuwepo, na tangu hapo limeenea katika redio, mabango, mikutano ya vijiji na jina la mradi wa serikali. Limejengwa kama neno kingamwili lilivyojengwa, nomino mbili zimeshikana bila kiunganishi, ya kwanza ikitaja kitu na ya pili ikikibainisha. Sumu, ya kuvu. Mtu aliyelisikia leo kwa mara ya kwanza amekwisha kujua nusu ya somo: kwamba hiki ni kitu cha kuua, kwamba kimetoka kwa kiumbe kinachoota, na kwamba kiumbe na sumu yake ni vitu viwili. Hilo la tatu ndilo ukungu hauwezi kulisema.

Kwa uangalifu wa kisayansi, sumukuvu ni jina la jamii nzima. Aflatoksini ni moja tu humo. Fumonisini, ambayo nayo hupenda mahindi, ni nyingine. Sioni tatizo. Mkulima aanze na sumukuvu, mtaalamu aendelee na aflatoksini B1 pale anapohitaji kutofautisha. Nyoka ana majina mengi, na bado mtoto hufundishwa kwanza neno nyoka. Ningependa magazeti yetu, wahariri wa taarifa za habari na maafisa wa kilimo wa kaunti walichukue neno hili kama lilivyo. Halina utaifa, na Kiswahili hakitozwi ushuru mpakani Namanga.

Vipimo navyo vina lugha yao. Kiwango cha mwaka 2004 kilikuwa sehemu 20 kwa bilioni. Leo Kenya imekishusha hadi 10 kwa aflatoksini zote kwa jumla, na 5 kwa B1. Sehemu kwa bilioni ni tafsiri sahihi isiyoshikika. Nimejaribu kuigeuza kwa kipimo cha Ukambani chenyewe, gorogoro, kile kibati cha takriban kilo mbili ambacho kila muuzaji anacho. Sehemu 20 kwa bilioni ni mikrogramu 20 katika kilo moja, kwa hiyo 40 katika gorogoro. Hiyo ni pungufu ya uzito wa chembe moja ya chumvi ya mezani. Sampuli mbaya kabisa zilizotajwa katika taarifa za kwanza za 2004 zilikuwa na B1 hadi 4,400 kwa bilioni, mara 220 ya kilichoruhusiwa, yaani karibu miligramu 9 kwa gorogoro. Bado ni kidogo mno kuonekana, kunusika au kuonjeka. Hapa gego la mnunuzi, lililotosha kwa unyevu, linafika mwisho wa uwezo wake, na ndiyo sababu maabara inahitajika.

Maabara ya namna hiyo ni ghali. Mashine ya kutenganisha na kupima kemikali kwa kiasi hiki, au ya kusoma vinasaba, hugharimu fedha ambazo chuo kimoja au wizara moja haiwezi kuzitoa kila mara, na baada ya kununuliwa hudai umeme usiokatika, dawa za kuagizwa nje na fundi anayeijua. Kutokana na hesabu hiyo ulizaliwa, chini ya NEPAD, mpango wa maendeleo ya Afrika, mtandao wa sayansi za viumbe kwa Afrika Mashariki na Kati, BecA, ambao kituo chake kikuu kiliwekwa katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, upande wa Kabete jijini Nairobi. Rais Mwai Kibaki alikifungua rasmi mwaka 2010. Wazo lilikuwa jepesi kulieleza: mitambo ikae mahali pamoja, watafiti wa taasisi za kitaifa waje na swali lao na sampuli zao, wakae miezi kadhaa, wafanye kazi yao wenyewe kwa mikono yao, warudi nyumbani na data na ujuzi. Katika muongo uliofuata, kwa ufadhili wa Australia, ikawekwa hapo mitambo ya pamoja ya kupima sumukuvu, na watafiti wa Kenya na Tanzania wakaitumia kuchunguza mahindi ya nchi zao.

Waandishi wa taarifa hukiita kituo kama hiki kitovu. Wamelitafsiri neno la Kiingereza la katikati ya gurudumu, na kwa bahati wamepata kizuri kuliko walichokitafuta, kwa kuwa kitovu chetu ni mahali mtoto alipolishiwa. Ila mitambo huiita jukwaa, na hilo silikubali. Jukwaa ni la kupanda na kuhutubia. Mitambo ya pamoja inatosha.

Neno pamoja lenyewe ndilo lililonikalisha muda mrefu. Pamoja husema watu wako mahali pamoja. Halisemi nani ana haki gani. Abiria wa matatu wako pamoja. Ipo -a shirika, ambayo wazee wa pwani huitumia kwa kisima au mlango unaomilikiwa na zaidi ya nyumba moja, na ingefaa kabisa kama shirika lisingekuwa leo jina la kila kampuni na kila ofisi ya misaada. Maabara ya shirika itasikika kama maabara ya wenyewe. Wakamba wana mwethya, kundi la majirani wanaolimiana kwa zamu. Kwa mwethya ndivyo yalivyojengwa matuta mengi yanayozuia udongo katika miteremko ya Machakos na Makueni. Kila mtu huja na jembe lake, na aliyelimiwa leo kesho yuko kwa mwenzake. Tabia hiyo inafanana sana na ya mtafiti anayekuja Kabete na swali lake. Lakini mwethya ni wa watu wanaofahamiana kwa majina, na sitaki kulichukua neno lake na kulibandika mahali ambapo majirani hawapo.

Chaguo langu ni ubia. Mbia ni mtu aliyetoa kitu chake kikaingia katika mali ya wote, na kwa hicho alichotoa ana fungu. Anaweza kuwa ametoa fedha, jasho, ardhi, au shehena. Maabara ya ubia basi inauliza swali ambalo kituo cha pamoja hakiulizi: wabia ni akina nani? Serikali na wafadhili wametoa fedha, vyuo vimetoa watafiti. Na yule aliyetoa gorogoro la mahindi likasagwa, na yule aliyetoa damu?

Tuitazame kwanza kazi yenyewe ndani. Mahindi husagwa yote, yakachanganywa, kisha unga kidogo hukorogwa katika methanoli na maji na kuchujwa. Maji yaliyochujwa hutiwa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, ambavyo sakafuni mwake zimegandishwa kingamwili zinazoitambua aflatoksini. Humo hutiwa pia aflatoksini ya maabara iliyofungwa kwenye kimeng'enya cha kuzalisha rangi, na sumu hizo mbili hugombea nafasi. Baada ya kusuuza na kuongeza dawa, vishimo hugeuka buluu, kisha tone la asidi huvigeuza manjano. Kadiri sumu ya mkulima ilivyokuwa nyingi, ndivyo rangi inavyopauka. Ona maneno yaliyofanya kazi katika aya hii: kingamwili, kimeng'enya. Kimeng'enya kimetokana na kumeng'enya, kuvunjavunja chakula tumboni. Yameundwa vizuri, yapo katika kamusi za biolojia na tiba tangu zamani, na mwanafunzi wa sekondari wa Mwingi anaweza kuyafungua mwenyewe bila ufunguo wa mwalimu.

Neno ninalolienzi kuliko yote katika chumba hicho ni vinasaba. Nasaba ni ukoo, mfululizo wa nani amezaliwa na nani. Ki- ya udogo ikaifanya nasaba iliyokunjwa ndani ya seli. Mwaka 2007 watafiti waliochunguza kuvu wa mahindi ya msiba wa 2004 walieleza kwamba waliotawala humo hawakuwa wale wa kawaida, bali kundi liitwalo S, lenye vidonge vidogo vigumu vya kujihifadhia na lenye kutoa sumu nyingi. Kiswahili cha maabara huliita kundi kama hilo aina. Aina ni neno pana kupita kiasi: kuna aina za viatu. Kwa kuwa tumekwisha kuita chembe za urithi vinasaba, tungeendelea na mlango, ambalo pwani ni tawi la ukoo. Kuvu wa mlango wa S. Mtu wa Kitui, ambaye kwao mbaĩ, yaani ukoo, bado ni kitu cha kuulizwa kabla ya posa, hahitaji kuelezwa kwa nini ndugu wa jina moja wanaweza kutofautiana tabia kwa mlango waliotoka.

Na tofauti hiyo ndiyo iliyoleta dawa. Wapo kuvu wa jina hilohilo, wazaliwa wa Kenya, wasioweza kutengeneza sumu. Wanne kati yao walichaguliwa, wakapakwa juu ya punje za mtama zilizouawa kwa joto, na bidhaa ikaitwa Aflasafe KE01, kazi ya taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, wizara ya kilimo ya Marekani, na KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya Kenya. Hunyunyizwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele, ili kuvu wasio na sumu wawahi nafasi. Dawa ya moto ni moto. Kiwanda chake cha Kenya kiko Katumani.

Katumani, Machakos, inanipa hoja kubwa kuliko zote. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa kituo hicho walizalisha mahindi yanayokomaa mapema, yanayowahi kabla mvua fupi haijakatika. Mbegu ilienea Ukambani kote, na jina la kituo likatangulia nayo: leo mkulima husema amepanda Katumani, na mtoto wake akadhani ni jina la mahindi tu. Hakuna kamati iliyolipitisha neno hilo. Lilikwenda kwa sababu kituo kilirudisha kitu, na kitu kikatumika. Huko Kabete ILRI imetoa majina mazuri ya Kiswahili kwa vyumba vyake: hifadhi yake ya sampuli inaitwa Azizi, kituo chake cha utafiti wa hewa na udongo kinaitwa Mazingira. Nayapenda majina hayo. Bado sijasikia lolote kati yao likitamkwa na mtu wa Kathonzweni anayepima mahindi yake.

Nirudi kwa waliotoa damu. Mwaka 2007 Kenya ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa UKIMWI, na damu ikahifadhiwa. Baadaye watafiti walichukua sampuli zipatazo 600 kati ya hizo na kutafuta sumu ya aflatoksini iliyojishikiza kwenye protini ya damu. Waliikuta katika asilimia 78. Mkoa wa Mashariki, wenye Kitui na Makueni, ulikuwa na kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Hawa hawakuwa wagonjwa wa msiba. Walikuwa watu wa kawaida kwa shughuli zao, wakila kidogokidogo kitu ambacho shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limekiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Katika zahanati zetu mtu aliyetolewa damu husema: nangoja majibu. Vitabu husema matokeo. Matokeo ni yaliyotokea, yawe na mwenyewe au yasiwe naye. Majibu hayawezi kuwepo bila aliyeuliza, na lugha ya watu imemweka mgonjwa katika nafasi ya muulizaji. Kwa kipimo hiki ndiyo nafasi inayomstahili. Mahindi yaliyotoka Makueni kwenda Kabete yamezaa makala za kisayansi na shahada, vyote vikiwa vya manufaa, navyo karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwenye gunia hajajibiwa. Mbia hajapata fungu.

Fungu hilo lingeenea katika kadi ya ukubwa wa kiganja, nami nimeiandika ili kuona kama lugha ina upungufu wowote. Haina. "Mahindi yako yamepimwa sumukuvu. Gorogoro moja lisizidi mikrogramu 20. Lako lina 310. Ukungu usipoonekana, sumu bado imo, na kupika hakuiondoi. Usile, usiuze, usiwape kuku. Ng'ombe ukimpa, sumu itapita kwenye maziwa. Magunia mengine ya msimu huu yalete yapimwe kabla hujayafungua." Chini yake iwekwe nafasi ya tarehe, jina la soko, na namba ya simu ya afisa wa kaunti atakayepokea swali linalofuata, kwa Kiswahili au kwa Kikamba.